Hamsini na Mbili

Saa saba usiku, Tabata Kimanga.
Luku imebakiza yuniti mbili; nimezima feni
ili balbu isituache.
Mama yako yuko Masasi, msibani,
na mimi, fundi wa suti na sare za shule,
napima joto lako kwa mgongo wa mkono
kama mtu anayejaribu pasi.

Zamoyoni, mwaka mmoja na miezi saba,
juzi ulitafuna futi yangu ya kupimia;
inchi ya kumi na mbili haisomeki tena.
Leo jioni ukakataa uji.
Nikasema, meno.
Mama Kulwa akachungulia mlangoni, akasema meno.
Bibi yako akasema kwenye simu,
"Hata wewe uliota hivyohivyo. Mkande, mlale."
Nikayakubali meno,
kwa kuwa meno hayadai nauli.

Dawa ya maji nilikupa saa nne,
kwa kile kijiko cha plastiki kilichokuja na chupa.
Homa ikaondoka kama mteja anayeaga, "Nakuja sasa hivi."
Tofauti ni kwamba yenyewe ilirudi.

Nikimpeleka, yakawa mafua tu,
muuguzi atanitazama
kama mtu aliyeleta shati zima kwa kifungo kimoja.
Mwezi wa tatu tulikaa benchi hadi alfajiri,
ukapona ukiwa foleni,
ukawa unavaa ndala za watu kubwakubwa,
nami nikarudi na usingizi na aibu.
Nisipompeleka,
sentensi hiyo sina ubavu wa kuimalizia.

Ubavu.
Nikakumbuka siku mama yako aliponituma kliniki na kadi.
Nesi mmoja, sauti imemkauka, alikuwa anawaambia kina mama
(baba nilikuwa peke yangu, nimejibanza kwenye nguzo):
"Homa ni kelele. Kifua ndicho kinachosema.
Akivuta pumzi, pale chini ya mbavu pakabonyea,
usingoje jogoo.
Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu,
akilegea, akipata degedege,
nimesema, usingoje jogoo.
Na mhesabu pumzi dakika nzima,
si nusu halafu mnazidisha."

Nikafunua fulana yako, tochi ya simu ukutani
isikuchome macho.
Nilifika thelathini na moja ukalia,
na hesabu ya mtoto anayelia haina maana.
Nikakubembeleza. Nikaanza upya.
Hamsini na mbili.
Mwisho wake, kwa umri wako, ilikuwa arobaini.

Namba nazijua, ndizo zinazonilisha.
Kiuno cha thelathini na nane hakiwi thelathini na nne
kwa sababu mwenye nacho anataka.
Na chini ya mbavu palikuwa panaingia,
kitambaa kilichovutwa na uzi uliokazwa mno.

Kadi. Kanga ya mama yako.
Hela ya bitana ya Bwana Lihamba,
atanisamehe au hatanisamehe.
Chande wa bajaji akasema elfu nane;
sikupunguza hata mia.
"Amana?" akauliza.
"Amana."
Nimelitamka jina hilo miaka yote kama kituo cha kushukia.
Usiku ule nikalisikia:
kitu cha mtu ulichokabidhiwa,
na utadaiwa.
Kila tulipopita taa ya barabarani nilikutazama pua,
na kila palipokuwa na giza nilikuwekea sikio.

Muuguzi hakuniuliza kwa nini usiku.
Hakunisifu pia.
Alifunua fulana, akatazama saa yake, akanyamaza,
nami midomo yangu ikawa inahesabu pamoja naye.
"Hamsini na nne," akamwambia mwenzake, na yule akaanza kutembea haraka.
Kisha akanigeukia: "Mvue hiyo sweta, baba."

Sweta. Kwa joto lote hili.

Simu inatetemeka mfukoni: Masasi.
Mama yako huamka bila kuamshwa.
Napokea, namwambia tuko wapi,
nashindwa kujibu anapouliza,
"Tangu saa ngapi?"